Chumvi ya Ruwenzori, Skii za Kibo

Tarehe 24 Mei 1888, si mbali na Ziwa Albert, kijana mmoja katika msafara wa Henry Morton Stanley alinyoosha kidole upande wa kusini-mashariki, akamwonyesha bwana wake mlima ambao watu walisema umefunikwa na chumvi. Stanley akatazama. Aliona kitu cheupe, cha rangi ya fedha, akadhani ni wingu. Alipozidi kukaza macho ndipo alipotambua kwamba weupe ule umekaa juu ya jiwe wala hauendi popote. Mwezi mmoja kabla, wenzake wawili, Jephson na daktari Parke, walikuwa wameshasema kwamba wameona mlima wenye theluji. Hivyo ndivyo Ruwenzori, mlima ambao leo Kongo na Uganda zinagawana kilele chake, ulivyoingia katika vitabu vya Ulaya.

Wako wanaolicheka jibu la chumvi. Mimi silicheki hata kidogo. Mtu asiyewahi kuona theluji, akiulizwa ni kitu gani cheupe namna ile kinachoweza kulala juu ya mlima bila kuondoka, ana mambo machache sana ya kuchagua. Chumvi alikuwa anaijua. Katika biashara ya bara la wakati ule ilikuwa mali, ilisafirishwa mbali, ilibadilishwa kwa vitu. Kijana alitaja kitu cheupe cha thamani, na hakukosea sana.

Sisi watu wa Maniema, huku Kongo, tumo ndani ya hadithi hiyo zaidi ya tunavyokumbuka. Stanley alikuwa amepita kwetu miaka 12 kabla: Oktoba 1876 alikutana na Tippu Tip, mfanyabiashara mashuhuri wa Unguja, katika nchi ya Kasongo, akafika Nyangwe, na mwezi wa Novemba akaanza kuufuata mto Lualaba kwenda chini, Tippu Tip akimsindikiza sehemu ya kwanza ya safari. Mwaka 1887 wawili hao walisafiri tena pamoja kwa meli kutoka Unguja, safari hii kwa ajili ya kumtafuta Emin Pasha, gavana wa Equatoria. Tippu Tip alikuwa ameahidi wapagazi, nao walipopatikana, kwa kuchelewa na kwa manung'uniko mengi, walikuwa Wamanyema. Mwaka 1889 msafara uliposhuka kutoka Ziwa Albert kwenda pwani ukipita chini ya Ruwenzori, Wamanyema walikuwa humo pamoja na Waunguja, na lugha iliyosikika kambini ilikuwa Kiswahili. Mwezi Juni mwaka huo Luteni Stairs alijaribu kupanda na kundi la watu wa msafara. Alifika kwenye mita 3,250 hivi, baridi na mabonde vikamshinda, akarudi. Theluji waliiona kwa macho, mkono haukuigusa.

Kwa hiyo mababu zetu walisimama chini ya theluji miaka mingi kabla ya mtu yeyote kufikiria kuileta Afrika jozi ya skii. Na jozi hiyo ya kwanza ninayoijua haikwenda Ruwenzori. Ilikwenda Kilimanjaro.

Habari za Kilimanjaro zilikuwa zimetangulia. Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akiongozwa na Bwana Kheri kutoka pwani, aliona kilele cheupe akaandika kwamba ni theluji. Wasomi wa London, na hasa bwana mmoja aitwaye Desborough Cooley ambaye hakuwahi kukanyaga nchi hizi, walimkatalia: theluji chini ya jua la ikweta haiwezekani. Wachaga wenyewe hawakuhitaji mjadala huo. Rebmann alisimuliwa kwao kwamba zamani mtawala mmoja alituma watu wapande wakaone kama weupe ule ni fedha, na aliyerudi hai alirudi na mikono na miguu iliyoharibiwa na baridi. Somo lilikuwa limekwisha kulipiwa. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni, na kwa zaidi ya miaka 20 baada yao walioweza kufanya hivyo walihesabika kwa vidole.

Mwaka 1912 wakaja Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König. Huyo Walter alikuwa ndugu wa Wilhelm Furtwängler, yule aliyekuja kuwa mmoja wa waongozaji okestra mashuhuri wa karne. Walipanda Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, hadi juu, na waliposhuka walivaa skii wakateleza. Jambo hilo lafaa kuwazwa polepole. Koloni la Kijerumani, mizigo mabegani mwa wapagazi, siku nyingi za kutembea kutoka migombani hadi kwenye mawe matupu, na ndani ya mizigo hiyo mna mbao mbili ndefu zilizopinda mbele kama jahazi, ambazo hakuna aliyezibeba aliyekuwa na sababu ya kujua ni za nini. Kisha, kule juu, watu wawili wanazifunga miguuni na kushuka kwa dakika chache mahali ambapo wenzao walitumia saa nzima kupanda.

Juu ya Kibo hapakuwa na njia. Hakuna aliyeisawazisha theluji wala kupigilia vijiti vya rangi pembeni kuonyesha mwisho wa usalama. Jua la ikweta lina tabia yake: usiku theluji inaganda na kuwa ngumu kama sakafu, asubuhi inaanza kulegea, mchana inakuwa uji, na katikati ya hayo upepo unaichonga miiba na matuta. Anayeteleza juu yake anasoma kila mita kabla ya kuifikia. Leo wapenzi wa mchezo huu wangesema walikuwa nje ya pisti, yaani nje ya njia ya theluji iliyosawazishwa na kuwekewa alama. Lakini mwaka 1912 pisti haikuwa imezaliwa, na huwezi kuwa nje ya kitu ambacho hakipo.

Hapa ndipo watu wengi wanapoipindua historia. Wanadhani pisti ndiyo ya zamani, na kwamba theluji ya unga, ile iliyolala kama ilivyodondoka bila kuguswa na mashine, ni uvumbuzi wa vijana wajasiri wa siku hizi. Ukweli ni kinyume. Wakulima wa Telemark kule Norway, ambako Sondre Norheim alipata sifa katika karne ya 19, waliteleza juu ya theluji yoyote iliyokuwepo. Mathias Zdarsky, aliyewafundisha Waaustria mbinu za kushuka milima mikali kule Lilienfeld mwanzoni mwa karne ya 20, hakuwa na mashine. Hannes Schneider, aliyejenga shule maarufu ya kuteleza katika eneo la Arlberg, alianza juu ya theluji ya Mungu. Kwa miongo yote hiyo dunia nzima ilikuwa nje ya pisti bila kujua.

Kilichobadilisha mambo ni kamba ya chuma. Zamani ulilipa kila mtelezo kwa miguu yako: unapanda saa mbili, unashuka dakika kumi. Mwaka 1934 mhandisi Ernst Constam aliweka Davos, Uswisi, mtambo wa kuwavuta watu kwenda juu. Mwaka 1936, Sun Valley katika jimbo la Idaho, Marekani, vikaning'inizwa viti vya kwanza vya kamba. Aliyevibuni, James Curran, alikuwa mhandisi wa kampuni ya reli ya Union Pacific, na wazo alilichukua kwenye mitambo ya kupakia ndizi melini, ile yenye kulabu zinazobeba mikungu moja baada ya nyingine. Aliondoa mkungu, akaweka kiti, akamkalisha mtu. Sijui habari nyingine ya mchezo huu wa baridi inayotuhusu kwa karibu hivyo sisi watu wa migomba.

Viti vilipoanza kupandisha watu mamia kwa saa, mlima uleule uliokanyagwa na watu kumi kwa siku ulikanyagwa na elfu. Theluji ikajaa mashimo na vichuguu. Mwanzoni waliikanyaga kwa miguu, wafanyakazi wakipanga mstari kiubavu na skii zao. Kule Winter Park, Colorado, Steve Bradley alibuni kifaa cha kukokota nyuma ya mtelezaji ili kusawazisha vichuguu, na mwenye kukikokota alishuka mlima akiwa na chuma kizito nyuma yake, kazi ambayo nadhani haikugombaniwa. Kisha zikaja mashine zenye minyororo mipana. Kampuni ya Kässbohrer ya Ujerumani ilitoa PistenBully yake ya kwanza mwaka 1969, na jina hilo bado linatajwa milimani kote.

Mashine hizo hufanya kazi usiku, wageni wakiwa wamelala. Mbele ina koleo pana linalosukuma theluji kutoka ilikozidi kwenda ilikopungua. Nyuma ina rola yenye meno inayosaga mabonge na vipande vya barafu, na baada ya rola kipo kitambaa kizito cha mpira kinacholainisha na kuacha mistari myembamba sambamba, kama kwamba mtu amepitisha kitana. Baada ya hapo theluji inahitaji saa kadhaa za baridi, kwa sababu chembe zilizosagwa na kubanwa hushikana polepole zenyewe kwa zenyewe mpaka zinakuwa kitu kimoja kigumu. Ndiyo maana pisti iliyotengenezwa saa mbili za usiku ni bora kuliko iliyotengenezwa karibu na alfajiri, na ndiyo maana wajuzi huwahi kiti cha kwanza cha asubuhi.

Msomaji wa Kindu hana haja ya kwenda Alps ili alielewe hilo. Aitazame njia ya kwenda Kibombo au Kasongo baada ya mvua, na watu wanaosukuma kinga zilizobeba mabidoni ya mawese na magunia ya mchele. Barabara inaweza kuwa na upana wa magari mawili, lakini wote wanapita mstari mmoja, upana wa kiganja, uliokanyagwa na kushindiliwa na magurudumu mengi hadi ukang'aa. Gurudumu likitoka humo hatua moja tu, matope au mchanga unalimeza, na mzigo wa kilo mia unaanguka upande. Mstari ule ndio pisti. Kando yake ndiko nje ya pisti. Tofauti ni kwamba msukuma kinga hatoki njiani kwa raha zake.

Na watelezaji kwa nini wanatoka? Wanaoijua theluji ya unga husema mguu hausikii ardhi. Skii nyembamba za mashindano huzama. Kwa hiyo zimetengenezwa skii pana, na Shane McConkey, mtelezaji wa Marekani aliyefariki mwaka 2009, alikwenda mbali zaidi: aliteleza Alaska kwa skii za majini, akasaidia kubuni skii iliyotoka mwaka 2002 ikiwa na umbo lililotokana nazo. Hoja yake ilikuwa kwamba theluji ya unga ina tabia ya maji kuliko ya ardhi, ya nini kuvaa miguuni kitu kilichobuniwa kwa ajili ya barafu? Pia kuna fahari. Mtu anageuka nyuma anaona alama zake peke yake mlimani. Fahari hiyo ina soko lake: tangu mwaka 1965 Hans Gmoser alianza kuwapandisha watu kwa helikopta katika milima ya British Columbia, Kanada, na hadi leo anayetaka theluji isiyoguswa na mwingine hulipa bei ambayo ingejenga nyumba kwetu.

Mwaka huohuo wa 1965, siku ya Krismasi, Sherman Poppen wa Muskegon, Michigan, alifunga skii mbili pamoja ili binti zake wasimame juu yazo kiubavu. Mchezo huo wa watoto ulizaa snoubodi, na kuanzia mwaka 1977 Jake Burton Carpenter wa Vermont akaufanya biashara. Vituo vya kuteleza havikuwataka watu wa ubao mmoja. Viliwaona wahuni, wenye suruali pana na adabu finyu, na vikawazuia kupanda viti vyao. Stratton, Vermont, ilifungua mlango mwaka 1983, na vingine vikafuata polepole, ingawa vipo vituo vichache Marekani, Alta kimojawapo, ambavyo hadi leo havimruhusu mtu wa snoubodi. Kizazi cha kwanza kilijifunzia usiku, msituni, kwenye vilima visivyo na mwenyewe. Ule mwelekeo wa kudharau pisti ambao wengi wanauhusisha na snoubodi haukuanza kama falsafa. Walifukuzwa kwanza, falsafa ikaja baadaye.

Theluji ya unga inaua. Safu mpya inayodondoka juu ya safu ya zamani haishikani nayo mara moja, na ikiwa chini kuna tabaka dhaifu, uzito wa mtu mmoja unatosha kulivunja. Miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, ambayo ndiyo mitamu zaidi kuteleza, ndiyo hiyohiyo inayoporomoka. Aliyefukiwa akifukuliwa ndani ya dakika 15 za kwanza, uwezekano wa kupona ni mkubwa. Baada ya nusu saa unabaki mdogo sana, kwa sababu hewa inakwisha. Kwa hiyo wenye akili hubeba vitu vitatu: kifaa cha redio kinachotoa ishara, fimbo ndefu ya kuchomea theluji kumtafuta mwenzao, na koleo. Wala haendi mtu peke yake. Februari 2012 Mwanamfalme Friso wa Uholanzi alifukiwa akiwa nje ya pisti huko Lech, Austria, katika bonde alilolizoea tangu utoto. Hakuzinduka tena kikamilifu, na alifariki Agosti 2013. Desemba 29 mwaka huo Michael Schumacher, dereva aliyekimbiza gari maisha yake yote akatoka hai, aligonga kichwa kwenye jiwe huko Méribel, Ufaransa. Alikuwa katika eneo lisilosawazishwa kati ya pisti mbili, mita chache tu kutoka kwenye alama. Jiwe lilikuwa chini ya theluji nyembamba. Kwenye pisti lingekuwa limeondolewa au limewekewa alama.

Sasa turudi kwa watu wetu, maana hapa historia inachukua sura nyingine kabisa. Wazungu walianzia kwenye theluji ya porini wakaishia kwenye pisti. Mwafrika Mashariki aliingia kupitia pisti.

Philip Boit alikuwa mkimbiaji wa mita 800 kutoka Bonde la Ufa, Kenya, wa ukoo wa Mike Boit aliyepata nishani ya shaba Munich mwaka 1972. Mwaka 1996 kampuni ya Nike iliamua kujaribu jambo: kama Wakenya wanaweza kukimbia kuliko watu wote, kwa nini wasiweze kuteleza masafa marefu? Yeye na mwenzake Henry Bitok walipelekwa Finland. Theluji hawakuwahi kuiona. Walifundishwa kusimama, kuanguka, kusimama tena. Katika mtindo wa kale wa mbio za masafa, mashine huchonga mifereji miwili sambamba katika theluji iliyoshindiliwa, na mtelezaji huweka skii moja katika kila mfereji. Bila mifereji hiyo mbio zenyewe hazipo. Mfereji unamshika mgeni usimwache, ingawa haumsukumi.

Februari 1998, katika Olimpiki ya Nagano, Japani, Boit aliingia katika mbio za kilomita 10. Alikuwa Mkenya wa kwanza katika Olimpiki ya majira ya baridi. Bjørn Dæhlie wa Norway, bingwa wa mabingwa, alimaliza kwa dakika 27 na ushei. Boit alihitaji dakika 47 na ushei, akashika nafasi ya 92, ya mwisho. Katika dakika zile 20 Dæhlie hakuondoka. Alimngojea Mkenya kwenye mstari wa mwisho, akamkumbatia. Boit baadaye alimwita mwanawe Dæhlie, kwa hiyo Kenya kuna mtu mwenye jina la Kinorway kwa sababu ya subira ya mtu mmoja. Watu waliucheka mradi ule wa Nike kama tangazo la viatu, na huenda ulikuwa tangazo. Lakini Boit hakuacha kampuni ilipopoa. Alirudi Salt Lake City mwaka 2002 na Torino mwaka 2006.

Nagano hiyohiyo ndiyo iliyoingiza snoubodi katika Olimpiki kwa mara ya kwanza. Terje Haakonsen wa Norway, aliyehesabiwa bora duniani wakati ule, alikataa kwenda. Hakutaka mchezo uliozaliwa nje ya kanuni uwekwe chini ya wakubwa wa shirikisho la skii. Katika majuma mawili yaleyale, mmoja alikataa njia iliyotengenezwa kwa sababu alikuwa na milima yote ya nchi yake. Mwingine aliishukuru kwa sababu bila hiyo asingekuwa na mahali pa kuweka mguu. Ninamheshimu Haakonsen. Lakini ukinitaka nichague, niko na Boit.

Miezi miwili baada ya mbio za Boit, Aprili 1998, alizaliwa Kilifi mtoto wa kike, Sabrina Simader. Akiwa mdogo familia yake ilihamia Austria, na huko alivaa skii mapema kama watoto wengine wa milimani. Mwaka 2018, Pyeongchang, Korea Kusini, alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya katika Olimpiki ya baridi na Mkenya wa kwanza kushindana katika kuteleza mteremko, akashika nafasi ya 38 katika super-G. Pisti ya mashindano ya namna hiyo haifanani na ile ya watalii. Wanainyunyizia au kuidungia maji ili igande, kwa sababu theluji laini ingechimbika baada ya washindani kumi na wa thelathini angekuta mahandaki. Matokeo yake ni ukuta wa barafu ulioinama. Anayesema pisti ni ya waoga hajasimama juu ya ule.

Uganda nayo ina wake. Brolin Mawejje aliondoka Kampala akiwa mtoto kwenda Marekani, akajifunza snoubodi huko, na mwaka 2014 ikatolewa filamu juu yake. Olimpiki aliitafuta bila kuipata. Hadi Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2022 nchi yetu Kongo, yenye barafu yake yenyewe juu ya ikweta, haikuwa imepeleka mtu hata mmoja.

Pisti yenyewe imezidi kujitenga na mlima. Lesotho ina kituo chake, Afriski, juu ya mita 3,000, ambacho hutegemea mizinga ya kupulizia maji yakageuka theluji. Dubai, mji ambao wafanyabiashara wa Kongo wanaujua kwa vitambaa na simu, tangu mwaka 2005 ina mteremko wa mita 400 ndani ya jengo la maduka, baridi ndani, jangwa nje. Pale hakuna theluji ya unga ya kugombaniwa wala mteremko wa kuporomoka. Mtu wa Kindu aliyekwenda kununua bidhaa anaweza kulipa kiingilio, akavaa koti la kukodi na kuteleza kabla ya adhuhuri. Ni theluji rahisi kuifikia kuliko ile ya nchi yake.

Maana ile ya nchi zetu inakwisha. Mwaka uleule wa 1912 wa Furtwängler, Fritz Klute na Eduard Oehler walikuwa Kilimanjaro, na ramani iliyotokana na kazi yao ndiyo kipimo tunachotumia leo. Kati ya 1912 na 2007 takriban asilimia 85 ya barafu hiyo ilitoweka. Kipande kimoja kilichobaki juu ya Kibo kinaitwa barafu ya Furtwängler, kwa jina la yule mtelezaji, nacho kimegawanyika na kusinyaa. Ruwenzori, Mtemi wa Abruzzi alipokipanda kilele cha Margherita mwaka 1906, kulikuwa na kilomita za mraba 6.5 hivi za barafu. Mwaka 2003 ilikuwa chini ya moja. Novemba 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu za mwisho za Afrika katika maeneo ya urithi wa dunia zinatarajiwa kutoweka ifikapo mwaka 2050.

Kwa hiyo ubishi wa pisti au theluji ya unga, kwa kijana wa Maniema, utaamuliwa ugenini. Wapo wengi sasa Ufaransa, Ubelgiji, Kanada, katika miji ambayo mwisho wa juma wenzao wa kazini wanapakia skii kwenye gari na kuwaita. Wakiitwa, waende. Waanzie kwenye pisti, ya kijani kule Ufaransa na Kanada, ya buluu kule Austria na Uswisi ambako kijani haitumiki. Walipie mwalimu hata kama rafiki anajitolea kufundisha bure, na wavae kofia ngumu. Na mtu akiwashawishi wavuke kamba kwenda kwenye theluji isiyoguswa, wamuulize kwanza maswali matatu: kifaa chako cha ishara kiko wapi, koleo lako liko wapi, na taarifa ya leo ya maporomoko inasemaje. Akikosa hata jibu moja, wabaki upande huu wa kamba.